Pombe si Chai, na Shairi si Kinga

Kila ifikapo Juni 26, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987 kwa ajili ya kupinga matumizi na biashara haramu ya dawa za kulevya, vyuo vyetu hugeuka kumbi za fasihi. Kuna ngonjera. Kuna igizo. Kuna shairi la vina lenye kibwagizo cha kuonya, na kuna kijana aliyepakwa majivu usoni akiigiza teja. Mgeni rasmi anacheka teja akipepesuka, anapiga makofi teja akifa, kisha anasimama kutukumbusha kwamba vijana ni taifa la kesho. Watu wanakula pilau na kutawanyika. Saa mbili usiku baa iliyo nje ya geti imejaa kama ilivyojaa jana yake.

Nina ugomvi na fasihi hiyo. Mara nyingi ni mbaya kisanaa, lakini hilo ningelisamehe. Kinachoniudhi ni kwamba tumeibebesha kazi isiyoiweza, halafu tumeifanya kisingizio cha kutofanya kazi nyingine yoyote. Uliza chuo kinafanya nini kuhusu ulevi wa wanafunzi, utaonyeshwa picha za maadhimisho. Bango lipo, fulana zipo, mshindi wa shairi kapewa bahasha. Basi, kinga imekamilika.

Tuanze na methali mama ya fasihi hii ya vitisho: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hadithi ni ileile miaka nenda rudi. Kijana mwema anatoka kijijini na baraka za mama, anafika chuo, anakutana na rafiki mbaya ambaye hana jina la ukoo wala historia, anaonja glasi ya kwanza, anauza simu, anauza godoro, anakufa. Kati ya glasi na kaburi hakuna kurasa. Hakuna mwaka wa pili, hakuna sapu, hakuna muhula ambao mambo yalikwenda vizuri tu.

Sasa mchukue mwanafunzi halisi wa mwaka wa kwanza. Ijumaa usiku anamwona jirani yake wa bweni karudi chakari, kashikiliwa na wenzake wawili. Jumatatu jirani huyohuyo yuko kwenye vimbweta anawafundisha wenzake takwimu, na jaribio likirudi ana A. Mwanafunzi wetu itabidi achague kati ya macho yake na shairi. Atachagua macho, na mimi simlaumu. Tatizo linakuja baadaye. Akishaona tulimdanganya kuhusu glasi ya kwanza, atadhani tunamdanganya hata tunaposema kweli: kwamba pombe na vidonge vya tramadol vyote hupunguza kasi ya kupumua, na aliyevichanganya anaweza kulala asiamke. Onyo hilo linaokoa maisha. Lakini linamfikia mtu ambaye ameshaacha kutusikiliza.

Miaka michache iliyopita niliitwa kuwa mmoja wa majaji wa shindano la mashairi ya kupinga ulevi katika chuo kimoja, jina lake nalihifadhi. Niliyasoma yote usiku mmoja. Karibu katika kila shairi mlevi alikufa. Wengine walikufa beti ya nne, wenye subira wakafika ya saba. Hakuna aliyekuwa na mwenzake wa chumba. Hakuna aliyekuwa na mtihani kesho yake, au baba anayempigia simu kuuliza ada imefika. Wote walikuwa mfano tu, kama vile sanamu ya nguo dukani.

Isipokuwa moja. Liliandikwa na binti wa mwaka wa pili, halikuwa na vina, na mizani yake ilikuwa inachechemea. Lilisimulia usiku mmoja tu: mwenzake wa chumba karudi kalewa, katapika, hajitambui. Mwandishi anamgeuza alale ubavu, anafua shuka kwenye ndoo, anakaa pembeni akimhesabia pumzi hadi adhana ya alfajiri. Anataka kumwita mtu. Lakini wa kuitwa ni mlezi wa bweni, na mlezi wa bweni akija, rafiki atapelekwa kwenye kamati ya nidhamu na pengine kufukuzwa. Basi anahesabu. Shairi linaisha akiwa bado anahesabu, na hatuambiwi kama rafiki aliamka.

Halikupata hata nafasi ya tatu. Jaji mwenzangu, mtu mzima na msomi, alisema ni zuri ila halina fundisho. Nilibisha, nikashindwa kwa kura. Aliyeshinda alikuwa yule aliyeua mlevi wake kwa vina vya kati na vya mwisho vilivyonyooka kabisa.

Nimelifikiria neno hilo, fundisho, muda mrefu. Kwa maoni yangu shairi la yule binti ndilo pekee lililotufundisha kitu. Lilituambia kwamba katika bweni lile kuna kanuni inayomfanya mtu ahesabu pumzi za mwenzake peke yake usiku kucha badala ya kuomba msaada. Hiyo ni taarifa. Mkuu wa chuo mwenye akili angelichukua shairi lile, akaita kikao asubuhi iliyofuata. Tulilirudisha kwenye bahasha.

Na tusiseme kwamba fasihi ya Kiswahili haijui kufanya vizuri zaidi. Inajua, tangu zamani. Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, na kwa muda kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa sababu wakubwa waliona kinaharibu vijana. Hebu kisome tena ukiwa na swali letu mkononi. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi. Ni baba huyohuyo mlevi anayemlea bintiye kwa kipigo na hofu, anayemwadhibu kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Kwa kipimo cha majaji wetu, Zakaria kafanya malezi: kaonya, katisha, kapiga. Kisha Rosa anatoka chini ya mkono wa baba, anaingia katika uhuru wa masomo, mpaka chuo cha ualimu Morogoro, na hofu ile haimsaidii chochote. Alifundishwa kuogopa, hakufundishwa kuchagua. Mlinzi alipokosekana, hapakubaki kitu ndani yake cha kumlinda. Kezilahabi aliyaona haya zaidi ya miaka 50 iliyopita. Sisi tulimfungia kitabu, tukaendelea kuwa Zakaria.

Wala gonjwa hili si letu peke yetu. Mwaka 1983 huko Los Angeles, Marekani, polisi walianza kuingia madarasani na sare zao kuwafundisha watoto kukataa dawa za kulevya. Mpango ukaitwa D.A.R.E., ukaenea nchi nzima, ukawa na fulana na vibandiko vya magari kama ilivyo ada. Watafiti walipowalinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa, tathmini moja baada ya nyingine ikashindwa kuona tofauti ya maana katika matumizi yao miaka iliyofuata. Wazazi waliupenda, walimu waliupenda, polisi waliupenda, na kupendwa huko kukauweka hai miaka mingi baada ya ushahidi kuukataa. Mwishowe ilibidi mtaala wenyewe ubadilishwe.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa maonyo hawalifikirii. Tafiti za vyuoni, hasa za Marekani, zimeonyesha mara nyingi kwamba wanafunzi hudhani wenzao wanakunywa kuliko wanavyokunywa kweli. Sababu inaeleweka. Mlevi mmoja akipiga kelele koridoni saa nane usiku, bweni zima linamjua. Waliolala hakuna anayewahesabu. Sasa njoo na bango lako la maadhimisho: "Vijana wa vyuo wanateketea kwa ulevi!" Unadhani umeonya. Mwanafunzi aliyeripoti juzi, mpweke, anayetafuta jinsi ya kufanana na wenzake, anasoma kitu kingine: kumbe hapa kila mtu anakunywa. Nawajua wanafunzi chungu nzima wasiogusa kilaji, wa dini zote na wasio na dini, na sijawahi kuona bango linalosema wapo.

Kwa hiyo tufanyeje? Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwa miaka kuhusu pombe: pandisha bei kwa kodi, punguza urahisi wa kuipata, zuia matangazo. Hakuna ngonjera katika orodha hiyo.

Na sisi tunao mfano wa nyumbani. Machi 1, 2017 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vya pombe kali vilivyokuwa vinaingia mfuko wa shati na kununuliwa kwa chenji ya daladala. Watu waliendelea kunywa, sikatai. Lakini kitu kile kilichokuwa kinauzwa kwenye meza ya pipi na sigara, ambacho mtu aliweza kukifungua darasani mhadhiri akiwa ameupa darasa mgongo, kiliondoka mezani. Aliyetaka pombe kali ilibidi atafute chupa, na chupa ina bei na haifichiki. Hakuna shairi la Juni 26 lililowahi kufanya hivyo.

Sasa tazama nje ya geti la chuo unachokijua. Hesabu baa, hesabu grosari, hesabu vibanda vyenye spika kubwa kuliko friji. Nani alitoa leseni? Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile watu waliyoizoea kama Sheria ya Mututho, inataka baa ikae angalau mita 300 kutoka shule za chekechea, za msingi, za sekondari na taasisi nyingine za wenye umri chini ya miaka 18. Chuo kikuu hakimo. Wabunge waliona mtoto wa kidato cha nne anahitaji mita 300. Mtoto huyohuyo akimaliza shule, akihamia mbali na wazazi kwa mara ya kwanza maishani na akapewa fedha mkononi, umbali unafutwa. Kisheria ni mtu mzima, sawa. Lakini mtu mzima wa miaka 19 aliyezungukwa na baa kumi kwa kibali cha halmashauri hajafanya uchaguzi peke yake. Kuna waliomsaidia kuchagua, na wana mihuri ofisini.

Fedha nazo tuziseme. Kwa wenye mkopo, posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Lakini haiji kwa siku. Inakuja kwa mkupuo, fedha za wiki kadhaa kwa mara moja, na wafanyabiashara wote wa jirani wanajua tarehe kuliko hata wahasibu. Wiki ya bumu ikifika, bei za ofa zinabandikwa, muziki unaongezwa sauti, watu wanakula bata. Wiki ya mwisho watu haohao wanashindia chai na andazi moja. Kugawa malipo yale katika mafungu madogo ni jambo la kiutawala, halihitaji kipaji chochote cha ushairi. Sijasikia likiwekwa mezani siku ya maadhimisho. Halafu bonanza la kukaribisha mwaka wa kwanza linadhaminiwa na kinywaji, jina la bia likiwa kwenye jukwaa lilelile ambalo miezi michache baadaye litafungwa bango la kupinga ulevi. Hata kamba za kufungia bango ni zilezile.

Tukimaliza nje ya geti, tuingie ndani, kwenye jambo la yule binti na ndoo yake. Fungua kitabu cha kanuni za wanafunzi cha chuo chako, utafute neno ulevi. Nakuhakikishia utalikuta kwenye sura ya nidhamu kabla hujalikuta kwenye sura ya afya, kama sura ya afya ipo. Wahenga walikuwa na methali nyingine, ambayo hatuichezei maigizo: mficha maradhi, kilio humuumbua. Chuo kinachomfukuza anayesema "naumwa" kinawafundisha wengine wote kuficha. Kisha kilio kinapokuja, mtu kakutwa chumbani kapoa, tunauliza kwa mshangao kwa nini wenzake hawakusema mapema. Wangesema kwa nani?

Nchi hii imeshaonyesha kwamba inaweza kufanya tofauti. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini mwaka 2011. Mtu anakwenda, anapewa dozi yake mbele ya muuguzi, anarudi kesho. Haulizwi kama anaona aibu. Kama tumeweza kumtendea kama mgonjwa mtu aliyechukiwa na mtaa mzima, mtu ambaye hata jina tulimgeuzia tukamwita teja, tunashindwaje kumtendea hivyo binti wa mwaka wa pili anayekunywa kila siku tangu afiwe na mama yake? Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kilibuni utaratibu rahisi kabisa: mazungumzo mawili mafupi ya faragha kati ya mshauri na mwanafunzi, bila mahubiri. Unakunywa kiasi gani? Unadhani wenzako wanakunywa kiasi gani? Pombe imekugharimu nini muhula huu, na ungependa kubadili nini? Ulipopimwa, ulionekana kupunguza unywaji na madhara yake. Unahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, mtu aliyefundishwa kusikiliza, na ahadi kwamba kilichosemwa humo hakitoki.

Najua majibu yatakayonijia. La kwanza: "Sisi tulitishwa na tukapona." Wengine mlipona, ndiyo. Nilikaa chumba kimoja na kijana aliyetishwa na wazazi, shule na kanisa. Mwaka wa tatu akaondoka chuo bila cheti, na leo nikienda nyumbani kwao likizo mama yake bado ananiuliza kama wakimwandikia barua mkuu wa chuo watamrudisha. Waliopona ndio wanaopewa kipaza sauti. Asiyepona haalikwi kwenye maadhimisho, labda kama picha.

La pili: "Ukiongea na mlevi kwa upole umehalalisha ulevi." Hapana. Daktari anayempima mgonjwa wa kisukari bila kumfokea hajahalalisha soda. Aliyempiga mwenzake akiwa kalewa, aliyembaka mtu, aliyeendesha pikipiki akaua, aadhibiwe kwa kosa hilo, na pombe isiwe utetezi wake. Ninachosema ni kwamba kuomba msaada kusiwe kosa.

La tatu ni la wenzangu wa fasihi: "Kwa hiyo tuache kuandika?" Jamani, kwani nimesema hivyo? Andikeni, ila andikeni mnachokijua. Mwandikeni mhudumu wa baa wa miaka 20 anayewahudumia wenzake wa rika lake waliopata chuo yeye alipokosa. Mwandikeni mwenye baa, ambaye si shetani, ana watoto wanne na kodi ya pango. Andikeni kikao cha halmashauri kilichotoa leseni. Mwandikeni kijana anayekunywa kwa sababu anaogopa kuongea na watu akiwa mzima. Mlevi mkimwandika, mpeni jina, mpeni kozi, mpeni siku njema, ili msomaji akimkuta bwenini amtambue. Na mkimwua, atuume, asiwe alama ya mshangao mwishoni mwa beti. Nanyi mnaoitwa kuwa majaji, mkikutana na shairi linalohesabu pumzi, msiliulize fundisho liko wapi.

Kwa wanafunzi mnaosoma hapa nina ombi moja la vitendo. Wiki hii nendeni ofisi ya mshauri wa wanafunzi, wawili wawili, muulize: mwanafunzi akija mwenyewe akasema anakunywa kila siku na ameshindwa kuacha, jina lake linaandikwa wapi, na nani mwingine analisoma? Na saa nane usiku mwenzangu wa chumba akiwa hajitambui, napiga namba gani, na anayepokea anakuja na dawa au na fomu ya nidhamu? Mkijibiwa, andikeni jibu hilo kwa kalamu kubwa mlibandike ukutani bwenini, karibu na soketi ya kuchajia simu, mahali kila mtu anapopita. Wakikosa jibu, mwandikieni mkuu wa chuo barua mkalidai.

Na usiku huu, kabla jibu halijaja: aliyelewa akapoteza fahamu mlaze ubavu, usimwache peke yake, usimpe kahawa wala kumwagia maji. Akipumua kwa shida, au pumzi zikawa chache, au midomo ikabadilika rangi, tafuta gari umpeleke hospitali. Ya kamati ya nidhamu mtajibizana nayo kesho.